Asiyefunzwa darasani asiachiwe korongo limfunze

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii wanafunzi wetu huikariri kila mwaka katika insha zao, aghalabu wakisimulia kisa cha mtoto mtundu aliyepuuza nasaha za wazazi. Lakini wapo vijana ambao hawakuwa watundu hata chembe, na bado ulimwengu uliwafunza kwa ukatili, kwa kuwa hawakupata kuambiwa jambo moja dogo: kwamba mvua inayonyesha mbali yaweza kumuua mtu aliyesimama mahali pakavu.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012, vijana 7 waliokuwa ziarani na kundi lao la kanisa waliangamia kwa mafuriko ya ghafla katika korongo la mbuga ya Hell's Gate, karibu na mji wa Naivasha. Miaka saba baadaye, Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019, watu wengine 7 walikufa katika korongo lilo hilo, miongoni mwao akiwamo kiongozi wa watalii aliyekuwa mwenyeji wa mahali hapo. Idadi ilikuwa ile ile, mahali pale pale, na adui yule yule. Baada ya msiba wa pili Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) lililifunga korongo hilo. Nchi ilisikitika, magazeti yakaandika, kisha tukasahau, kama ilivyo ada yetu.

Mimi naona kwamba misiba hii ina somo ambalo hatujalifundisha. Maarifa ya kujihifadhi nyikani na milimani yanastahili kuwa sehemu ya elimu ya msingi ya kila mtoto wa Kenya, na hasa mtoto wa kabwela ambaye hana mzazi aliyewahi kupiga hema wala pesa za kumlipa mkufunzi. Tukiendelea kuyachukulia maarifa hayo kuwa starehe ya watalii, tutazidi kuwapeleka vijana wetu mahali pazuri wasipopaelewa.

Tuanze na hali ilivyo. Zamani si nyingi, mtu akisema anakwenda kukwea mlima siku ya mapumziko, watu walimshangaa na kumwuliza kama amekuwa Mzungu. Leo mambo yamegeuka. Ukisimama kwenye ukingo wa Menengai siku ya Jumapili utawakuta wanafunzi wa vyuo, vijana wa makanisa, wanachama wa vyama vya akiba na hata maarusi na wapiga picha wao. Mlima Longonot nao huwapokea vijana kutoka Nakuru, Naivasha na Nairobi, baadhi wakiwa wamevaa viatu vya kwendea sherehe na kubeba chupa moja ya soda kwa watu watatu. Hamu hii ni ya kheri. Nchi ni yao, na ni haki yao kuiona. Ila hamu imetangulia na maarifa yamebaki nyuma.

Kwa nini maarifa yakabaki nyuma? Jibu limo katika historia yetu. Katika enzi za ukoloni, ardhi kubwa inayozunguka Nakuru ilitengwa kuwa ya walowezi. Mwafrika aliishi humo kama kibarua, na tangu mwaka wa 1920 hivi mwanamume alilazimika kubeba kipande shingoni, asije akakamatwa kwa kosa la kutembea. Sheria za wanyamapori zilimgeuza mwindaji kuwa jangili, na misitu ikawekewa walinzi. Kizazi kimoja kilipokatazwa kuikanyaga nyika, kizazi kilichofuata hakikuwa na wa kukifunza kuisoma. Uhuru ulipopatikana, mbuga zikafunguliwa, lakini zikafunguliwa kwanza kwa mgeni mwenye fedha za kigeni. Mtoto wa Kaptembwo, Rhonda au Bondeni alikua akijua kwamba Ziwa Nakuru liko karibu na kwao na kwamba Menengai iko juu ya mji wake, naye asipate kupafika hadi awe mtu mzima.

Wala tusidhani kwamba milima haikuwa yetu. Halford Mackinder anatajwa vitabuni kuwa aliongoza msafara wa kwanza uliofika kilele cha Mlima Kenya mwaka wa 1899, lakini mizigo ya msafara huo ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, na majina yao ni wachache mno wanaoyajua. Usiku wa Uhuru, Desemba 12, 1963, Mkenya Kisoi Munyao ndiye aliyeipeleka bendera yetu juu ya mlima huo. Na hapa hapa kwetu, katika msitu wa Mau, Waogiek wameishi karne nyingi kwa kurina asali na kuzitambua nyakati zake kwa maua ya miti. Ni jamii ndogo, ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mjini Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zake katika msitu huo zilikiukwa. Wamaasai wa upande wa Suswa na Naivasha nao huyatazama mawingu kabla ya kuamua mifugo ielekee wapi. Elimu ipo, basi. Tatizo ni kwamba hatujaiita elimu.

Sasa nitataja mambo machache ambayo kila anayeanza anapaswa kuyajua. Ninayataja kwa walimu na wanafunzi kwa sababu hakuna hata moja linalohitaji vifaa vya madukani vya bei ghali.

La kwanza ni kuuliza kabla ya kwenda. Mkuu, kuuliza si ujinga. Mtu anayekwenda korongoni aulize juu ya mvua ya mahali anapokwenda, na pia ya nyanda za juu zinakotoka mifereji. Korongo la Hell's Gate lilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha la kale, wakati ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo na maji yake yakitafuta njia ya kuelekea kusini. Kuta zake ni ndefu na njia zake ni nyembamba, mahali pengine mtu huweza kugusa pande zote mbili kwa mikono. Aliye chini haoni wingu lililoko nyuma ya kilima. Maji ya mvua iliyonyesha maili kadhaa kutoka hapo hukusanyika katika mifereji, yakaingia katika mlango huo mwembamba kwa kishindo, na muda wa kuokoka ukawa ni wa dakika tu. Kwa hiyo dalili zifundishwe kama tunavyofundisha alama za barabarani: maji yakianza kuwa ya matope, majani na vijiti vikianza kuelea, au mngurumo ukisikika kutoka juu, usingoje kuona. Panda ukutani mahali pa karibu panapopandika, wala usikimbie ukifuata mkondo, kwa maana maji yana mbio kukushinda. Na katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, korongo liachwe.

La pili ni kuaga. Katika mila zetu mtu hatoki nyumbani bila kusema anakokwenda, na anayeondoka kimya hudhaniwa ana la kuficha. Desturi hii ndiyo ngao kubwa kuliko zote nyikani. Kabla ya safari, andika kwenye karatasi majina ya wanaokwenda, njia watakayoifuata na saa watakayorudi, kisha mwachie mtu asiyesafiri. Akiona saa imepita, apige simu: 999 au 112 kwa polisi, au 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya. Simu ya mkononi isitegemewe peke yake, kwa kuwa kuna mabonde yasiyo na mawimbi, na betri huisha upesi kwa picha na nyimbo. Firimbi ya shilingi chache hufika mbali kuliko sauti ya mtu aliyekauka koo, na mipulizo mitatu inayorudiwa ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana duniani kote.

La tatu ni maji na mavazi. Longonot ina kimo cha mita 2,776, na kule juu hakuna mto wala bomba. Anayetaka kuzunguka ukingo wote wa shimo lake la volkeno huongeza mwendo wa kilomita zipatazo 7 juu ya ule wa kupanda na kushuka, akitembea kwenye vumbi jepesi linaloteleza. Lita 2 au 3 za maji kwa kila mtu si nyingi. Ikumbukwe pia kwamba tangu Juni 5, 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za Kenya, kwa hiyo mwanafunzi abebe chupa ya kudumu. Kuhusu mavazi, mgeni hudanganywa na jua la mchana. Bonde la Ufa katika sehemu zetu hizi liko juu sana kutoka usawa wa bahari, na jua likitua baridi hushuka upesi. Aliyelowa na kupigwa na upepo aweza kuugua kwa baridi hata katika nchi iliyo karibu na ikweta. Sweta moja na koti la mvua katika mfuko hutosha. Raba kuukuu zilizozoea mguu ni bora kuliko viatu vipya vya kifahari vinavyochubua visigino.

La nne ni kuijua saa ya kurudi. Kwetu jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia mara moja. Kundi lipange kabla ya kuondoka kwamba ikifika saa fulani litageuka, hata kama kilele kiko hatua mia moja mbele, na mwendo uwe ule wa aliye mnyonge kuliko wote. Ngurumo zikisikika, watu washuke kutoka ukingoni na wasijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ndani ya Menengai, ambako mawe ya volkeno na vichaka hufanana kila upande kwa kilomita nyingi, aliyepotea asizunguke ovyo. Asimame, akae kivulini, apulize firimbi, angoje kundi. Aliyetulia mahali pamoja hutafutwa kwa urahisi kuliko anayehama kila saa.

La tano ni huduma ya kwanza. Mguu ulioteguka ufungwe na mtu apumzishwe. Anayeumwa na nyoka, kama vile moma ambaye hulala njiani bila kujitingisha, asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kubana damu. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, avuliwe pete na bangili kabla mkono haujavimba, kisha apelekwe hospitali haraka. Mambo haya mwalimu aweza kuyafundisha katika vipindi viwili chini ya mti wa shule.

Hapana shaka watakuwapo wa kunipinga. Wapo watakaosema kwamba dawa ni kupiga marufuku ziara za aina hii. Sikubaliani nao. Kulifunga korongo lililoua watu mara mbili kulikuwa ni busara, lakini hatuwezi kulifunga Bonde la Ufa lote. Kijana aliyekatazwa na mwalimu atakwenda na wenzake siku ya likizo, pasipo mtu mzima wala firimbi. Wengine watasema kwamba inatosha kumwajiri mwenyeji awaongoze. Naam, mwenyeji aajiriwe, tena alipwe vizuri, kwa kuwa ni mwalimu kama walimu wengine. Lakini tukumbuke kwamba mwaka wa 2019 mwenyeji naye alikufa. Kifo chake kinatuonya kwamba ujuzi wa mtu mmoja hauwezi kubeba roho za kundi zima. Kila mmoja katika kundi awe na macho ya kuona dalili na ulimi wa kusema turudi, na wakubwa wa mbuga wawe na vipimo vya mvua kwenye nyanda za juu na njia ya kuwaonya walio chini kabla maji hayajafika.

Wapo pia watakaouliza: mtoto asiye na karo, ya nini kumfundisha kukwea milima? Swali hili lina uzito, nami silidharau. Jawabu langu ni kwamba maarifa haya hayaishii mlimani. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalikibomoa kijiji cha Kamuchiri huko Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 45. Sisemi kwamba marehemu hao walikosa maarifa. Walikuwa wamelala nyumbani kwao, na wajibu wa kuwalinda ulikuwa wa serikali kabla ya kuwa wao wenyewe. Nasema tu kwamba mtoto anayeishi kando ya mfereji, anayevuka mto kwenda shule, anayechunga mbuzi kwenye mteremko au anayekusanya kuni msituni, yuko nyikani kila siku bila tiketi ya mbuga. Mtalii huonja hatari kwa siku moja kisha akarudi hotelini, ilhali mtoto huyu hulala nayo. Ndiye anayehitaji kuliko wote kujua maji hutoka wapi, moto huenea vipi, na nani wa kumpigia simu.

Basi tufanye nini? Vyombo tunavyo. Skauti walianza hapa nchini mwaka wa 1910, na mpango wa Tuzo ya Rais kwa vijana ulianza mwaka wa 1966. Vyama hivi vimewafunza Wakenya wengi kupiga hema, kusoma ramani na kuokoa maisha. Lakini pale ambapo mzazi hushindwa kununua hata kalamu, sare ya skauti ni ndoto. Shule zetu zisingoje sare. Mtaala wa umilisi, unaohimiza mwanafunzi kutenda kuliko kukariri, umetupa nafasi. Nionavyo mimi, kila shule ya Nakuru na kaunti jirani ingeanza na mambo matatu. Kwanza, ziara yoyote isifanyike kabla ya kipindi kimoja cha matayarisho, ambapo wanafunzi wenyewe wataichora ramani ya njia, watataja hatari zake na kupanga saa ya kurudi. Pili, angalau mwalimu mmoja katika kila shule apate mafunzo ya huduma ya kwanza. Tatu, wazee wa jamii zinazoijua nchi hii, Waogiek wa Mau, Wamaasai na wafugaji wengine, waalikwe darasani kama wataalamu, nao walipwe posho kama tunavyowalipa wataalamu wa mjini.

Katika yote hayo tusiwaache wasichana nyuma. Mara nyingi mvulana huambiwa atangulie akaone njia, na msichana akaachwa kutunza mifuko. Msichana anayevaa hijabu, mwanafunzi asiyeona na yule anayetembea kwa mkongojo wote wana haki ya kufundishwa, na njia ichaguliwe kwa kuwafikiria wao tangu mwanzo. Kundi linalopanga safari ili mnyonge wake afike salama ndilo kundi ambalo hata mwenye nguvu atarudi nalo nyumbani.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ni jiji lenye shimo la volkeno upande mmoja na ziwa upande mwingine, na majiji ya namna hiyo ni machache ulimwenguni. Litakuwa jambo la aibu iwapo watoto wake watajua jina la kila mtaa wa mjini, nao wasijue la kufanya wingu likitanda juu ya Mau.

Mvua zijazo hazitatungoja tumalize kujadiliana. Mwalimu anayesoma safu hii aweza kuanza kesho, kwa kuwapeleka wanafunzi nje ya darasa, kuwaelekeza vidole kwenye mteremko ulio karibu na shule, na kuwauliza swali moja: mvua kubwa ikinyesha kule juu, maji yatapita wapi, nasi tutasimama wapi? Wakiweza kulijibu, watakuwa wamekwisha kufunzwa kabla ulimwengu haujawafunza.